Zege la Kyela huanza alasiri

Jua likishazama mjini Kyela, vijana wengi hawaulizii baga. Wanakwenda bandani kula zege, yaani chipsi mayai, na mishkaki miwili pembeni kama mfuko unaruhusu. Anayeagiza huona dakika chache tu za kazi: chipsi kwenye kikaangio, mayai mawili, geuza, pakua. Kwa maoni yangu, sahani hiyo huwa imeshafaulu au imeshaharibika saa kadhaa kabla yeye hajafika, na yai halina uwezo wa kuiokoa.

Tuanze na kiazi, maana hapa ni mgeni. Kyela iko kwenye tambarare ya Ziwa Nyasa, mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, kuna joto na mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Ni nchi ya mpunga, kakao na michikichi. Kiazi mviringo kinataka baridi, kwa hiyo kinateremshwa kutoka Isyonje na milima ya Uporoto kupitia Tukuyu, mara nyingine kwenye lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, ambayo sheria ya vipimo inaikataza. Kikifika chini, siku zake zinahesabika. Joto linakiotesha na kukinyausha. Mwanga unakitia ukijani, dalili ya sumu ya solanini. Muuzaji makini hununua kidogo kidogo, akaweka gunia gizani penye hewa. Viazi vichanga huvikataa, kwa sababu sukari yake ni nyingi: vinababuka nje kabla ya kuiva ndani.

Sasa karai. Karibu asilimia 80 ya kiazi ni maji, na kukaanga ni kazi ya kuyatoa kwa mpango. Ndiyo maana fundi hukaanga mara mbili. Alasiri huosha vipande hadi maji yaache weupe wa wanga, akavikausha, kisha akavitia kwenye mafuta ya joto la wastani, nyuzi 150 hivi, viive bila kupata rangi. Vinatoka vyeupe na legevu, havitamaniki hata kidogo. Usiku, oda ikija, vinarudi kwenye mafuta makali ya nyuzi 180 kwa dakika mbili tatu, ganda likakauka. Kipimajoto hakuna. Anadondosha kipande kimoja na kusikiliza: kikizama kimya, mafuta bado, kikichachatika na kuelea, tayari. Moshi ukianza kupanda, amechelewa kupunguza mkaa.

Tatizo huja wateja wanapojaa. Muuzaji anarundika chipsi zote kwa mkupuo, mafuta yanapoa, ganda linachelewa kujijenga, na kinachotoka kimelowa mafuta. Makundi mawili madogo yangemaliza haraka kuliko kundi moja kubwa, lakini nenda kamweleze hivyo mtu aliyezungukwa na watu wanaotaka kuwahi mpira.

Mafuta yenyewe ndiyo gharama inayouma. Aprili 2022 Indonesia ilipozuia mawese yake kwenda nje kwa wiki kama tatu, huku vita vya Ukraine vikiwa vimeshabana alizeti, soko la dunia lilitikisika. Mafuta yakiwa ghali, kishawishi ni kuyarudia mpaka yawe mazito na kutoa povu lisilokatika. Povu hilo ndilo la kuangalia.

Yai ni hatua fupi, ila ina utaratibu wake. Chipsi hutangulia kwenye kikaangio chenye mafuta kidogo zipate moto, ndipo mayai yaliyopigwa na chumvi yanamwagwa juu na kikaangio kuinamishwa ili yafike pembeni. Sahani hufunika, kikaangio kinapinduliwa, zege linateleza kurudi upande wa pili. Likikaa mno motoni, yai linakakamaa na kutoa maji, chipsi zinalowa.

Ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Karonga, Wamalawi hukaanga kwenye bati pana wanaloliita chiwaya, na mteja hula palepale na kabichi na nyanya, bila yai. Chipsi haipati nafasi ya kulala. Kwetu kuna kabati la kioo: zikirundikwa humo za moto hutoa mvuke, na hewa ya ziwani haiukaushi. Hapo ndipo baadhi ya mabanda hulitumia yai kufunika chipsi zilizolala, na kachumbari na pilipili zikamalizia kuficha.

Kwa hiyo ukifika stendi ya Kyela jioni, usianze na bei. Agiza kwanza chipsi kavu kidogo, uionje bila tomato. Ikiwa imekauka nje na laini ndani, ongeza mayai. Ikiwa imelegea, hamia banda la pili.