Tembe la Mvumi na Tembe la Makumbusho

Tembe ni nyumba ya paa bapa la udongo, na ndiyo nyumba ya asili ya Wagogo wa Mvumi, kusini-mashariki mwa mji wa Dodoma, kama ilivyo kwa Warangi, Wanyaturu na Wahehe. Kuta zake ni fupi na mlangoni mtu mzima huingia ameinama. Vyumba hufuatana kwa mstari kuzunguka ua wenye zizi, na milango yote hutazama ndani. Aliye nje huona ukuta tu. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda Tabora ilipita kando ya matembe ya namna hiyo, na Henry Morton Stanley alitoa hongo, yaani ushuru wa njia, Mvumi mwaka 1871 ndipo akaruhusiwa kuendelea na safari.

Ufundi wa tembe uko juu, kwenye paa. Kwanza huchimbiwa nguzo zenye panda, za mti mgumu ambao mchwa hawauwezi upesi. Mpingo ukipatikana, hakuna ubishi. Kwenye panda hulazwa mihimili, juu ya mihimili boriti, kisha fito zilizobanana, kisha nyasi au mabua ya mtama, na mwisho udongo unaoshindiliwa. Uzito wote huo hubebwa na nguzo. Ukuta wa miti uliokandikwa kwa udongo na samadi kazi yake ni kuziba, hata ukibomoka upande mmoja paa hubaki mahali pake. Na paa lenyewe, ingawa huitwa bapa, huachiwa mwinamo mdogo sana. Mwinamo ukizidi, mvua huuteremsha udongo. Ukipungua, maji hutuama na kupenya hadi kitandani. Fundi hana pimamaji. Ana jicho lake, na ana kumbukumbu ya mapaa aliyoyaona yakivuja.

Nyumba hii imetokana na nchi yenyewe. Dodoma hupata mvua ya wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Nyasi ndefu za kuezekea ni haba, miti mirefu iliyonyooka ni michache, lakini udongo haukosekani. Unene wa udongo huo hulizuia jua la mchana, na usiku wa Juni na Julai, baridi inapouma, hutoa joto uliloshika mchana. Paa la udongo halishiki moto kama la nyasi, jambo lililokuwa na uzito mkubwa enzi za uvamizi wa kupora ng'ombe. Baada ya mavuno huanikwa juu yake mtama, uwele na mlenda. Bati, pamoja na sifa yake ya kutovuja, haliwezi kulipooza jua la Oktoba.

Anayelisifu tembe asifiche ubaya wake. Ndani kuna giza na moshi, na nyufa za sakafu na kuta ni maskani ya papasi, wanaoeneza homa ya papasi, ugonjwa unaofahamika vizuri katika Hospitali ya Mvumi. Historia nayo ililipunguza. Operesheni Dodoma ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 iliwahamishia watu kwenye vijiji vya viwanja vilivyopimwa, na mwaka 1986 mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma uliiondoa mifugo katika tarafa ya Mvumi ili ardhi iliyomomonyoka ipumzike. Tembe lisilo na ng'ombe limepoteza kitovu chake, na samadi yake.

Mbali na hapo, tembe la Kigogo linasimama Dar es Salaam, katika Kijiji cha Makumbusho kilichoanzishwa mwaka 1966 chini ya Makumbusho ya Taifa, pamoja na msonge wa Wahaya na nyumba za makabila mengine. Wazo la kukusanya nyumba za kale mahali pamoja lilipata umaarufu kutoka Skansen, Stockholm, iliyofunguliwa mwaka 1891. Lakini magogo ya Sweden huvumilia karne nyingi. Udongo hauna ustahimilivu huo. Mvua ya Dar es Salaam hukaribia mara mbili ya ile ya Dodoma, tena huja kwa masika na vuli. Zaidi ya hayo, nyumba ya maonyesho haina moto jikoni, na ni moshi uleule unaoumiza macho ambao hufukuza wadudu wanaotoboa boriti. Mvumi, wenye nyumba huongeza udongo juu ya paa kabla ya mvua, wanawake husiriba kuta upya, nguzo iliyooza hubadilishwa. Tembe huishi kwa kukarabatiwa, na ukarabati ndio sehemu ya ufundi ambayo mgeni wa makumbusho haioni.

Dawa ya tembe la makumbusho si ngumu. Mafundi wa Mvumi waalikwe kila mwaka kabla ya masika, wapande juu ya paa hilo mbele ya wageni na wanafunzi, na walipwe ujira wa fundi.