Shujaa Asiye na Kitovu: Makmende na Kosa la Sikio Lililozaa Sanaa

Utangulizi

Mnamo mwezi wa Machi 2010 kundi la muziki la Just a Band, la Nairobi, lilitoa video ya wimbo wao "Ha-He". Ndani yake anaonekana kijana mwenye nywele za afro na utepe kichwani, akiwachapa wahuni mmoja baada ya mwingine, nasi twaarifiwa kwamba jina lake ni Makmende na kwamba amerudi. Haukupita muda kabla ya vijana wa Kenya waliokuwa na intaneti kumtungia vichekesho visivyohesabika na kumbunia picha za majalada ya majarida makubwa yenye sura yake. Makmende ametajwa mara nyingi kuwa kichekesho cha kwanza cha Kenya kuenea kwa kasi mtandaoni.

Katika semina moja niliyowahi kuhudhuria, mwanafunzi wa uzamili alipendekeza kumtafiti mhusika huyu. Aliulizwa kama amekosa riwaya za kusoma. Darasa likacheka, na mada ikabadilishwa. Makala haya ni jibu lililochelewa kwa swali lile. Tunakusudia kuonyesha mambo mawili. Kwanza, kwamba Makmende ni zao la mapokeo ya chuku ambayo mhakiki wa fasihi ya Kiswahili anayafahamu vyema. Pili, kwamba thamani yake haimo katika vichekesho vilivyomfanya maarufu, bali katika jina lake. Na kwamba waliomtungia vichekesho hivyo walilipita jina hilo bila kulisikiliza.

Chanzo cha jina

Asili ya jina husimuliwa hivi. Katika filamu ya Kimarekani Sudden Impact ya mwaka 1983, Clint Eastwood anamtisha jambazi kwa kauli fupi ya Kiingereza ambayo sikioni husikika kama "meik mai dei", yaani, thubutu, unifurahishie siku yangu. Watoto wa mitaa ya Nairobi waliichukua kauli hiyo kwa sikio, wala si kwa maandishi, ikatoka kinywani ikiwa "Makmende". Hadi miaka ya 1990 lilikuwa tayari ni neno la kumkejeli mwenzao aliyejifanya shujaa: wewe unajiona Makmende?

Mwandishi wa makala haya alikulia Matisi, viungani mwa Kitale, mbali na mitaa hiyo, lakini utaratibu wenyewe anaujua. Vibanda vya video vya utotoni vilikuwa vya mabati, vyenye mabenchi ya mbao na runinga moja iliyowekwa juu kama mimbari. Hakuna aliyefuata Kiingereza cha waigizaji. Tuliifuata sauti, na tulipotoka nje tuliigiza mapigano tukiwa na maneno yaliyofanana na yale tuliyoyasikia. Pengo hilo kati ya filamu ya kigeni na sikio la mtazamaji limezaa sanaa katika Afrika Mashariki nzima. Nchini Tanzania, Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alijipatia sifa kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, na nchini Kenya DJ Afro amefanya kazi ya namna hiyo. Hawa si wakalimani. Ni watambaji wanaotumia picha za wengine kama mtambaji wa kale alivyotumia mwanga wa moto.

Tulitazame basi jina lenyewe kwa jicho la kiisimu. Katika Kibukusu, kama ilivyo katika Kigikuyu, sauti d haisimami peke yake. Huja ikiwa imetanguliwa na nazali, katika nd. Kinywa kilichozoea mfumo wa aina hiyo kikipewa "dei" hukitafutia mahali pa kukaa, na mahali penyewe ni "nde". Aidha, irabu unganifu za Kiingereza, ei na ai, zimesawazishwa. Hata hivyo, silabi ya kwanza imebaki na konsonanti iliyofungwa. Neno halikuwa "Makimende", kama kanuni ya silabi wazi ingalivyodai. Kwa hiyo jina limesimama mlangoni, mguu mmoja ndani ya lugha zetu na mwingine nje. Na msomaji wa Kiswahili hawezi kukosa kumsikia mende ndani yake: mdudu asiyekufa kwa urahisi, lakini pia asiyeheshimiwa na yeyote.

Twasisitiza jambo hili kwa sababu kosa la matamshi si mzaha kwa kila mtu. Mtoto wa Kibukusu akutanapo na d tupu huelekea kuitamka t. Katika shule moja ya utotoni niliitwa mbele kusoma kwa sauti, nikasoma "tata" mahali pa "dada". Darasa lilicheka, na mwalimu akacheka zaidi ya darasa. Kwa muda mrefu baadaye nilichagua maneno yasiyo na sauti hiyo, kama mtu anayechagua njia isiyo na mbwa. Wengi waliotoka Matisi, Kimilili au Webuye watalitambua jambo hili bila kuelezwa. Makmende, kwa hiyo, ni kitu adimu: matamshi ya mtoto aliyekosea, yaliyochukuliwa na wasomi wa chuo kikuu, yakaandikwa kwa herufi kubwa kama jina la shujaa.

Kirejeshi cha wakati: "amerudi"

Kauli iliyotumiwa kumtangaza mhusika huyu, kwamba Makmende amerudi, yastahili kuzingatiwa. Kiambishi -me- kinadai tendo lililotimia ambalo athari yake ingalipo. Nacho kitenzi "rudi" kinadai kwamba aliyerudi aliwahi kuwapo. Lakini hakukuwa na filamu ya kwanza ya Makmende. Anarudi mtu ambaye hajawahi kuja.

Ubunifu wa picha unatumikia uongo huo mtamu. Video imepambwa kwa mtindo wa filamu za mapigano za Wamarekani weusi za miaka ya 1970: rangi zilizochujuka, mavazi ya enzi hiyo, miondoko ya kamera iliyotiwa chumvi. Wasanii wa Just a Band, waliokutana katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, ni wa kizazi cha watu ambao Kiingereza cha vijana huwaita magiki: waraibu wa kompyuta, vibonzo na filamu, wanaojua hata yale madogo ambayo mtazamaji wa kawaida huyapita. Ucheshi wao hutegemea ujuzi huo. Anayezijua filamu zinazoigwa hucheka mara mbili. Asiyezijua hucheka mara moja. Lakini mtazamaji wa Kenya anayo sababu ya tatu ya kucheka, nayo haipatikani katika filamu yoyote ya Marekani. Makmende aliwahi kuwapo kweli, katika michezo ya utotoni. Kinachorudi ni utoto wenyewe, ukiwa umevikwa vazi la filamu ambayo watoto wale hawakuwahi kutengenezewa.

Chuku na majigambo

Vichekesho vilivyofuata viliigwa, kwa umbo, kutoka vile vilivyotungwa Marekani juu ya mwigizaji Chuck Norris katika miaka ya 2000. Umbo lake ni jepesi kulieleza. Tutunge mfano wetu wenyewe: Makmende hangoji stima irudi, stima hungoja Makmende aseme imerudi. Kiima na yambwa vimebadilishana nafasi, na ulimwengu mzima, pamoja na kampuni za umeme, umewekwa chini ya amri ya mtu mmoja.

Mhakiki atauliza: je, hii si ile chuku tuliyoizoea? Katika Utendi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, shujaa aliyekwisha kufa amepiga magoti kisimani, upinde mkononi, na watu wa mji hawathubutu kuteka maji kwa kumwogopa. Katika masimulizi ya Wabukusu, Mango anamkata kichwa joka aliyewatesa watu, na kichwa kilichokatwa kinaruka na kuuma mti. Mtoto wa Matisi aliyemsikia Mango jioni na kumtazama Eastwood Jumamosi hakuona mpaka kati yao. Mbegu ya chuku haikuletwa na intaneti.

Lakini tofauti ipo, nayo ni ya msingi. Katika majigambo mwenye sifa husema kwa nafsi ya kwanza, mbele ya watu wanaomjua na wanaoweza kumkanusha. Vichekesho vya Makmende vimetungwa katika nafsi ya tatu na watunzi wasiojitaja, juu ya mtu asiyeweza kuulizwa. Hakuna anayewajibika kwa sifa hizo. Jambo kubwa zaidi ni kwamba Liyongo ana kitovu. Ndipo mahali pekee anapoweza kuuawa, na anayepachoma kwa sindano ya shaba ni mwanawe mwenyewe. Chuku yote ya utendi huo, nguvu zake, minyororo anayoikata kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa, inapata uzito kwa sababu twajua kwamba pale katikati ya mwili wake pana mahali laini. Makmende wa vichekesho hana mahali hapo.

Mikhail Bakhtin, katika kitabu chake juu ya Rabelais kilichochapishwa mwaka 1965, alidai kwamba mwili wa kichekesho cha umma ni mwili ulio wazi: unakula, unatoka jasho, unazaa, unakufa. Mwili wa Makmende umefungwa kama chupa. Hii ndiyo sababu, kwa maoni yetu, vichekesho vyake vilichoka upesi. Kila kimoja kilimwongezea nguvu mtu ambaye hakuwa na upungufu, na kumwongezea maji mtu aliyeko baharini si kazi.

Wenye kitovu

Haifuati kwamba ucheshi wa waraibu hawa lazima uwe hivyo. Mwaka huohuo wa 2010, katika mtaa wa Wakaliga jijini Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza filamu ya mapigano iitwayo Who Killed Captain Alex? kwa fedha kidogo mno na silaha za kuundwa kwa mikono. Juu ya picha husikika sauti ya msimulizi, VJ Emmie, akishangilia, akitania, akiwacheka wahusika na filamu yenyewe. Umaskini wa filamu haukufichwa. Umefanywa kuwa mhusika. Hapo pana kitovu.

Chukua pia Cyrus Kabiru, msanii wa Nairobi aliyezaliwa mwaka 1984, anayetengeneza miwani ya ajabu kwa vyuma, nyaya na mabaki ya vifaa vya elektroniki. Miwani hiyo ilifika hadi maonyesho ya Making Africa ya jumba la Vitra nchini Ujerumani, mwaka 2015. Mtu huicheka akiiona: yafanana na vifaa vya mwanasayansi wa vibonzo. Lakini msanii mwenyewe amesimulia kwamba alitamani miwani tangu utotoni, na babake, badala ya kumnunulia, akamwambia ajitengenezee. Kila kazi yake imebeba mtoto yule aliyenyimwa. Kicheko kinapita juu ya kidonda bila kukifuta.

Tukirudi kwa Makmende, twaona kwamba naye alikuwa na kidonda cha namna hiyo, nacho kimo ndani ya jina. Mtunzi wa vichekesho angaliweza kuuliza: Makmende huitwaje na wale wanaojua Kiingereza? Hufanya nini akisahihishwa? Shujaa anayewaangusha wahuni kumi, kisha akanyamaza kwa sababu mtu fulani amecheka matamshi yake, angalikuwa mhusika wa kudumu. Hicho ndicho kitovu chake. Wasanii wa Just a Band walikiweka wazi kwa kulihifadhi jina bila kulisahihisha, na hiyo ni sifa yao. Umma uliofuata ulivutwa na misuli, ukakiacha kitovu.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba Makmende ni matini inayostahili nafasi katika mihadhara yetu, si kwa sababu ni mpya, bali kwa sababu inatulazimisha kuzisoma upya tendi tulizozizoea na kuuliza shujaa ni nani bila udhaifu wake. Tumeonyesha pia upungufu wake bila kumwonea haya. Kumsifu kwa kuwa ni wetu tu kungalikuwa ni kumdharau kwa njia nyingine.

Yafaa tukumbuke kwamba makala ya kwanza kuhusu Makmende katika ensaiklopidia ya Wikipedia yalifutwa na wahariri kabla ya kukubaliwa baadaye. Wahariri wale walikuwa mbali, na huenda hawakujua wanachokifuta. Sisi tuliomwuliza mwanafunzi yule kama amekosa riwaya hatuna udhuru huo. Neno alilotuletea tulilijua tangu utotoni, na wengi miongoni mwetu tuliwahi kuchekwa kwa makosa yaleyale ya sikio na ulimi yaliyolizaa. Wahenga wetu wa bara na wa pwani walizika kitovu cha mtoto mahali alipozaliwa, ili akiulizwa kwao ni wapi awe na pa kuonyesha. Mhakiki wa fasihi ya Kiswahili hana haja ya kuona haya akionyesha chake, hata kama pale kilipozikwa ni nyuma ya kibanda cha video cha mabati, Matisi.