Serini ya Kumi na Tano

Jua likipanda juu ya mashamba ya Kitale, kimeng'enya kiitwacho PEPC huwa kazini ndani ya kila jani la mahindi, kikinasa kaboni. Mwanga ukizidi, hupachikwa fosfeti kwenye asidi amino moja: serini ya 15. Tangu hapo malati, ambayo hukizuia, haikibani sana. Giza likiingia, fosfeti huondolewa.

Kemia hii ilianza kufahamika mwaka 1955, Edmond Fischer na Edwin Krebs walipochunguza misuli. Mwaka 1992 wakatunukiwa Nobeli. Lakini PEPC ya mahindi ina asidi amino 970. Kati ya serini zake zote, ni ipi itapachikwa?

Hapo ndipo wanapoingia mafundi wa ujifunzaji wa kina wa mashine. Programu kama MusiteDeep ya Chuo Kikuu cha Missouri, iliyotoka mwaka 2017, huisoma protini kama mfuatano wa herufi. Serini huwekwa katikati, na majirani zake huchukuliwa, tuseme 16 kila upande. Serini ya 15 imetanguliwa na herufi 14 tu, kwa hiyo nafasi 2 hujazwa alama tupu. Mtandao wa neva wa programu hupitishwa kwenye maelfu ya mifano mpaka utambue ujirani unaovuta fosfeti.

Sifa kubwa, hata hivyo, anastahili anayeichambua mifano hiyo. Mtama, ambao wakulima wa Bungoma wanaujua vizuri, una PEPC ya ukoo uleule, ila serini yake ni ya 8. Mahindi yakitumika kufundishia na mtama kutahinia, programu itapata alama za juu kwa mtihani iliokwisha kuuona. Fundi mwangalifu huwaweka ndugu hao upande mmoja. Wala haamini upesi kwamba serini isiyo na rekodi haipachikwi. Huenda hakuna aliyewahi kuipima. Uadilifu huo unapendeza mno, ingawa hushusha asilimia za kutangazwa.



Utabiri ukitoka, maabara huupima. Fosfeti huongeza uzito wa protini kwa takriban daltoni 80, na mashine ya kupimia uzito wa molekuli huiona nyongeza hiyo. Au serini yenyewe hubadilishwa: mwaka 1992 watafiti waliweka aspartati, yenye chaji hasi, mahali pa serini ya 8 ya mtama, na kimeng'enya kikawa kama kilichokwisha kupachikwa fosfeti.