Kalamu ya Binti wa Mtoni

Kazi ya kuandika nathari haina wapambe wengi. Mshairi anasifiwa na manju anatuzwa. Huku Usukuma, vyama vya ngoma vya Wagika na Wagalu vikianza kushindana, vijiji vinahama kwenda kutazama. Lakini mtu aliyejifungia ndani, anaandika kwa maneno ya kila siku jinsi watu walivyoamka, walivyokula, walivyogombana na kupatana, jirani atamuuliza kama amekosa kazi. Mimi naiona kazi hiyo kuwa ufundi kamili, na fundi wangu wa mfano ni mwanamke wa karne ya 19: Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa kasri la Mtoni, Unguja, mwaka 1844, akafia Jena, Ujerumani, mwaka 1924 akiitwa Emily Ruete.

Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria aliyetolewa kwao Kaukasi. Mabinti wa kasri walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika walikatazwa. Sababu yake si ngumu kuiona. Anayesoma anapokea maneno ya wengine. Anayeandika anatuma yake, na wakubwa wa nyumba hawakutaka binti awe na cha kutuma. Salme hakungoja ruhusa. Alifungua Kurani mbele yake, akachukua mfupa wa bega la ngamia, mweupe kwa kupigwa jua, ambao siku hizo ndio uliokuwa ubao wa wanafunzi, akaiga herufi moja moja mpaka mkono ukazoea. Alipotaka mwandiko wenye sura, akamwamuru mtumwa mmoja msomi amfundishe. Habari zilipovuja alilaumiwa sana, naye hakujali.

Hofu ya wakubwa haikuwa ya bure. Mwaka 1859, Barghash alipotaka kumpindua nduguye Majid aliyerithi kiti cha Unguja, waasi walihitaji mtu wa kuwaandikia barua zao kwa siri. Karani wao akawa Salme, msichana wa miaka 15 hivi. Uasi ukazimwa kwa msaada wa Waingereza, Barghash akapelekwa Bombay, na binti akabaki na lawama za ndugu wa pande zote mbili. Mwaka 1866 akiwa na mimba ya Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg, alitoroka kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden. Huko, mwaka 1867, alibatizwa, akaolewa, akamfuata mumewe Ujerumani. Mwaka 1870 mume akagongwa na tramu akafa, akamwachia watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi ambamo bado alikuwa mgeni.

Kitabu chake kilitoka katika hali hiyo. Alianza kuandika kumbukumbu za maisha yake kwa ajili ya watoto wake, na ilipita miaka kabla ya kukubali wengine wazisome. Zilichapwa Berlin mwaka 1886, kwa Kijerumani, lugha aliyojifunza ukubwani. Huenda ndicho kitabu cha kwanza kuchapishwa ambamo mwanamke wa Kiarabu alisimulia maisha yake mwenyewe.

Siri ya ufundi wake naiona hapo kwenye neno watoto. Salme alijua anamwandikia nani. Wanawe walizaliwa Hamburg. Hawakuwahi kuona mkarafuu, hawakujua baraza la sultani lilivyokaa, wala kwa nini bibi yao alikuwa mmoja wa masuria wengi wa mume mmoja. Msomaji wa namna hiyo hadanganywi na maneno makubwa. Ukimwambia babu alikuwa mtawala mwenye heshima, hajaona kitu. Basi Salme anawaonyesha: babu yao yuko kwenye roshani ya duara inayotazama bahari pale Mtoni, anatembea huku na huko kwa saa nyingi, kichwa kimeinama, anachechemea kidogo kwa sababu ya jeraha la vita lililobaki pajani. Hakuna sifa hata moja hapo, ila mguu wenye maumivu na mtu mwenye mawazo. Na sisi tulio mbali, tuliozaliwa zaidi ya karne moja baadaye, tunamwona.

Njia hiyo ya kumwandikia mtoto haikuwa yake peke yake. Mwaka 1858, Salme akiwa bado msichana, Mwana Kupona binti Msham wa Pate alimtungia binti yake utendi wa kumwusia maisha ya ndoa na dini. Mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa amepambana miaka mingi na Sayyid Said, na wote wawili walifariki mwaka 1856. Wanaume walipigania pwani hiyo kwa majahazi na mizinga. Mke wa mmoja na binti wa mwingine walikaa kitako wakawaandikia watoto, na maandishi yao yamedumu kuliko kuta za Mtoni, ambazo leo ni magofu.

Lakini sifa isiyo na mizani ni kujipendekeza. Salme alikuwa na jicho kali kwa kila kitu isipokuwa mikono iliyomhudumia. Katika kitabu chake anautetea utumwa wa nyumbani kwao, na anawaonya wasomaji wasiufananishe na ule wa Marekani. Hata yule mwalimu wa mwandiko anatajwa kwa hali yake, mtumwa msomi, kisha anaachwa njiani. Kusini mwa Marekani, wakati huohuo, walikuwepo waandishi wanawake wenye kipaji na upofu uleule. Augusta Jane Evans, aliyezaliwa Georgia mwaka 1835, alitoa Macaria mwaka 1864 kulitetea jeshi la majimbo yaliyopigania kubaki na utumwa. Mwaka 1866, mwaka ambao Salme alitoroka Unguja, alitoa St. Elmo, riwaya iliyonunuliwa mno Marekani. Wanawake hao wawili hawakuwahi kujuana. Wote walikulia katika nyumba zilizokwenda kwa jasho la watu wasiolipwa, wote waliijua kila pembe ya nyumba hizo, na wote walipofika kwa mtumwa kalamu ilipepesuka. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukafutwa kisheria mwaka 1897. Kitabu cha Salme kimekaa katikati ya miaka hiyo, na mwandishi alikuwa na nafasi ya kusema lililo kweli. Hakulisema.

Sisi wa bara tuna haki ya kulidai hilo. Utajiri wa makasri yale haukuwa wa karafuu tu. Pembe za ndovu zilishuka pwani mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi na Wasukuma, kwa safari ya miezi. Mwaka 1858, mwaka ule wa utendi wa Mwana Kupona, Speke, mpelelezi wa Kiingereza, alitoka Kazeh, Tabora ya leo, akapita Usukuma hadi Ziwa Victoria, akaandika kila alichoona jinsi alivyokielewa yeye. Wanawake waliouuzia msafara wake nafaka hawakuacha ukurasa. Hadithi zilikuwepo, tena nyingi: wazee walizisimulia kwenye moto wa shikome, bibi walizisimulia ndani. Kilichokosekana ni mfupa wa ngamia, na ukaidi wa kuiga herufi.

Ziwani kwetu mfano wa ukaidi huo tunao. Aniceti Kitereza wa Ukerewe aliandika riwaya yake kwa Kikerewe, akaimaliza mwaka 1945, asipate mchapaji. Akaigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, nayo ikatoka mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Ndani yake umo mwenendo wa maisha ya kawaida: kulima, kuoa, kuugua, kupika pombe, kupokea wageni. Bila yeye hayo yangeondoka na wenyewe.

Sasa nazungumza na wewe mama wa Ibadakuli, Shinyanga, na wewe binti uliyemaliza kidato cha nne ukarudi nyumbani. Una mjukuu au mdogo wako Dar es Salaam ambaye hajui tofauti ya michembe na matobolwa. Usimwandikie kwamba chakula cha asili ni utajiri wetu. Mwandikie kwamba viazi vya michembe vinamenywa, vinakatwa vibichi na kuanikwa juani, na vya matobolwa vinachemshwa kwanza ndipo vikatwe na kuanikwa. Mwandikie nani alikuwa akiviamkia visiliwe na mbuzi, na mwaka wa njaa gunia la mwisho lilifunguliwa na nani, akalia au hakulia. Na wewe uliyekwenda Geita ukaponda mawe ya dhahabu Nyarugusu, andika vumbi la karasha, bei uliyopewa kwa kiroba, na jina la mwenzako aliyekuwa akikushikia mtoto ulipokuwa kazini.

Jina hilo ulitaje. Hapo ndipo utakapomzidi binti wa sultani. Yeye alituachia ufundi wa kuonyesha, na katika huo ni wachache waliomfikia. Ukarimu wa kumtaja kila mtu aliyekuwamo chumbani alitubakishia sisi.

Kaunta buku inauzwa duka lolote la mtaani na kalamu ya wino pia. Chagua mtu mmoja unayemwandikia, andika jina lake juu ya ukurasa wa kwanza, uanze leo usiku.