Mchagua Lenzi na Mpiga Picha

Wahenga walisema: mchagua jembe si mkulima. Methali hii humjia mtu akilini akiwasikiliza wapiga picha wa ridhaa wanapokutana kuonyeshana kazi zao. Hawa ni watu wasioishi kwa kazi ya kamera. Ni makarani, waalimu, waganga na mafundi ambao siku ya mapumziko hutoka na kamera begani kwa mapenzi tu. Mapenzi hayo ni jambo la kupongezwa, maana sanaa nyingi zimelelewa na watu wa ridhaa kabla hazijapata walinzi wengine. Hata hivyo, mazungumzo yao yana kasoro moja inayostahili kuhakikiwa. Picha ikishawekwa mbele ya macho yao, swali la kwanza aghalabu huwa: umetumia lenzi gani? Na mara nyingi swali hilo la kwanza huwa ndilo la mwisho.

Makala haya yanakusudia kupima swali hilo: lina haki kiasi gani, na linapokosea linakosea wapi.

Yafaa kwanza tueleze chombo chenyewe. Kamera inayopendwa na watu hawa ni ile iitwayo ya fremu kamili. Jina hilo lina historia. Huko Wetzlar, Ujerumani, fundi Oskar Barnack wa kiwanda cha Leitz alichukua filamu ya sinema yenye upana wa milimita 35 akaitengenezea kamera ndogo ya mkononi. Kila picha katika filamu hiyo ilikuwa na kimo cha milimita 24 na urefu wa milimita 36. Kamera hiyo, Leica, ilianza kuuzwa mwaka 1925, na kipimo chake kikawa kipimo cha dunia. Zilipokuja kamera zisizotumia filamu, nyingi zilikuwa na bamba la kupokea mwanga lililo dogo kuliko hapo, hata lenzi za zamani zikawa zinakatwa pembezoni. Canon walitoa EOS-1Ds mwaka 2002, na mwaka 2005 wakatoa EOS 5D iliyowafikia watu wengi zaidi. Bamba la kamera hizo lilirudi kwenye milimita 24 kwa 36, yaani fremu kamili. Tangu hapo wenye lenzi za babu zao na wenye lenzi mpya wanaweza kukaa baraza moja na kulinganisha.

Wanalinganisha nini? Kwanza, upana wa mwono. Katika fremu kamili, lenzi ya milimita 24 huona pembe ya nyuzi 84 hivi kutoka kona hadi kona. Ya milimita 50 huona nyuzi 47. Ya milimita 85 huona zipatazo 28. Pili, wanalinganisha tundu linalofunguka na kufumba mithili ya mboni ya jicho. Lenzi yenye tundu la 1.4 hupitisha mwanga mara 2 kuliko yenye tundu la 2, na kwa sababu hiyo huwa nzito na ghali zaidi. Tatu, wanalinganisha ukali wa picha, hasa kwenye pembe, ambako vioo vingi hulegea.

Hapana shaka maarifa haya yana thamani. Usione vyaelea, vimeundwa. Mwaka 1840 mwanahisabati Joseph Petzval, huko Vienna, alisanifu lenzi iliyopitisha mwanga mwingi kuliko zile zilizotangulia. Kabla yake, mtu aliyetaka kupigwa picha alikaa kimya kwa dakika kadhaa kama aliyetiwa gundi. Kwa msaada wa lenzi ile, pamoja na maendeleo ya kemia, muda ulishuka ukawa chini ya dakika moja. Uso wa mwanadamu ukaingia katika sanaa ya picha kwa sababu mtu mmoja alikaa mezani akakokotoa umbo la vioo. Kwa hiyo anayesema kwamba chombo si kitu anawadhulumu wahunzi. Mkulima naye hulijua jembe lake: ajua lipi la udongo mzito na lipi la kichanga. Methali yetu haimkatazi kujua. Inamwonya yule ambaye msimu wa mvua unapita naye angali dukani.

Kasoro huanza pale kipimo cha chombo kinapogeuzwa kuwa kipimo cha sanaa. Wapo wapiga picha wa ridhaa ambao, wakishanunua lenzi, hupiga picha ya ukuta wa matofali au ya gazeti lililobandikwa ukutani, kisha huzikuza pembe za picha hiyo mara nyingi ili wahesabu mistari iliyofifia. Kama jaribio, kazi hiyo haina ubaya. Fundi cherehani naye hujaribu sindano kwenye kitambaa chakavu. Lakini macho yaliyozoea ukuta huanza kuangalia kila kitu kama ukuta. Huwekwa mbele yao picha ya bibi kizee akitwanga, nao huenda moja kwa moja kwenye pembe ya chini kushoto. Ikiwa pembe ni kali, picha ni nzuri. Bibi kizee, mchi wake, na jua lililompiga shavuni havikupata hata neno moja.

Je, ukali ni sifa ya picha nzuri? Historia yatupa majibu mawili yanayopingana, na yote mawili ni ya kweli.

Julia Margaret Cameron alikuwa mpiga picha wa ridhaa wa Uingereza aliyepewa kamera ya kwanza na bintiye mwaka 1863, yeye mwenyewe akiwa na umri wa miaka 48. Wenzake wenye ujuzi walimlaumu kwamba picha zake hazikuwa kali. Yeye alieleza kuwa aliposogeza lenzi akafika mahali ambapo picha ilimpendeza, alikoma hapo, wala hakuendelea kutafuta ule ukali ambao wengine waliung'ang'ania. Tazama picha aliyompiga mwanafalaki John Herschel mwaka 1867. Uso wa mzee unatokea gizani. Nywele nyeupe zimetimka. Macho yanatazama mbali kama ya mtu aliyeziangalia nyota maisha yake yote, ambavyo ndivyo ilivyokuwa. Ule ulegevu kidogo wa mistari haukuondoa kitu. Umeufanya uso uonekane kama unaopumua. Lau kila unywele ungehesabika, tungepata maelezo mengi juu ya nywele na machache juu ya Herschel.

Sasa tazama upande wa pili. Mwaka 1932, huko San Francisco, Marekani, wapiga picha kadhaa, miongoni mwao Ansel Adams, Imogen Cunningham na Edward Weston, waliunda kundi lililojiita f/64. Hilo ni jina la tundu dogo mno la lenzi, ambalo hufanya vitu vya karibu na vya mbali vionekane vikali kwa pamoja. Wao waliuchoka ule mtindo wa ukungu, ambao mikononi mwa waigaji ulikuwa umegeuka kuwa pambo tupu. Miaka miwili kabla, Weston alikuwa amepiga picha ya pilipili hoho moja tu, akiiweka ndani ya faneli ya bati. Picha hiyo ni kali kila mahali, na ukali wake ndio maana yake: tunaona mikunjo ya tunda kama misuli ya mgongo wa mtu, na kitu tunachokikata kila siku kwa mboga kinatustaajabisha. Ulegevu ungeiua picha ile.

Cameron alihitaji ulegevu, Weston alihitaji ukali, na kila mmoja alijua sababu yake. Ukali, basi, ni kama sauti kubwa katika uimbaji. Ipo mahali pake, na hakuna msikilizaji anayempima mwimbaji kwa sauti kubwa peke yake. Vipimo vyenyewe hubadilika. Lenzi ya Petzval ilikuwa kali katikati na kulegea pembezoni, jambo ambalo mafundi waliofuata walijitahidi kulirekebisha. Lakini mwaka 2013 kampuni ya Lomography ilitangaza kuifufua lenzi ya aina hiyo, na wanunuzi walijitokeza kwa wingi kuutaka ulegevu uleule. Waliouita kasoro na waliouita uzuri walikuwa wakizungumzia kitu kimoja.

Fasheni nyingine inayohitaji kuangaliwa ni ile ya kuifuta mandhari ya nyuma. Wajapani wana neno lao, boke, lenye maana ya kufifia, nalo limeenea kwa wapiga picha wa dunia nzima. Lenzi ya milimita 85, tundu lake likifunguliwa hadi 1.4, ikimwelekea mtu aliye umbali wa mita 2, huacha kina cha sentimita 5 hivi tu kilicho kikali. Jicho huonekana, sikio hufifia, na kilicho nyuma huyeyuka kuwa madoa ya rangi. Ni uzuri wa kweli, nao hutuliza macho. Lakini lazima tuulize kinachoyeyushwa ni nini. Mvuvi akipigwa picha hivyo, bahari imekwenda, ngalawa imekwenda, wenziwe wanaovuta wavu wamekwenda. Kimebaki kichwa ambacho kingeweza kuwa cha mtu yeyote, wa mahali popote.

Mfano wa kinyume tunao hapa barani Afrika. Seydou Keïta alifungua studio yake mjini Bamako mwaka 1948, akawapiga picha watu wa mji ule waliokuja na mavazi yao ya fahari. Nyuma yao alitundika vitambaa vya maua na nakshi, na hakuvifuta. Nakshi za pazia na nakshi za gauni hukutana, huitikiana kama kiongozi na wapokezi wa wimbo, na katikati yake uso wa mtu hutulia kwa heshima. Mandhari ya nyuma inasema: mtu huyu ana mahali pake, ana zama zake, ana namna yake ya kutaka kuonekana. Wanaohesabu ukungu peke yake hawatakuwa na la kusema mbele ya picha hizo.

Tuongeze mfano mmoja wa kamera ndogo yenyewe. Mwaka 1932, nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare mjini Paris, Henri Cartier-Bresson alipiga picha kwa Leica kupitia mwanya wa uzio. Mtu anaruka dimbwi. Kisigino hakijagusa maji. Kivuli chake kinamngoja chini. Na ukutani nyuma kuna tangazo lenye mchezaji anayeruka vivyo hivyo. Mrukaji mwenyewe hakutoka mkali, na pembeni ilibidi picha ikatwe. Ukiipeleka kwa wapima matofali itaanguka mtihani. Hata hivyo ni miongoni mwa picha zinazojulikana sana duniani, kwa kuwa aliyeipiga aliona mambo manne yakikutana katika nukta moja ya wakati. Hakuna lenzi iuzwayo ambayo ingeyaona kwa niaba yake.

Sisi watu wa ushairi tunaujua mjadala huu kwa jina jingine. Katika miaka ya 1970, baada ya Euphrase Kezilahabi kutoa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974, washairi walibishana vikali juu ya vina na mizani. Wapo waliopima shairi kwa kuhesabu silabi, na wapo waliodhani kwamba kuitupa hesabu ndiyo kupata ushairi. Mtunzi mwenye busara alitambua kwamba vina visivyobeba wazo ni kelele zilizopangwa vizuri, na kwamba wazo lisilopata umbo hupotea njiani. Fani na maudhui hutembea pamoja. Lenzi ni sehemu ya fani ya picha. Kuizungumzia peke yake ni kumsifu malenga kwa kalamu yake.

Jambo hili si la wenye kamera ghali peke yao. Leo wanafunzi wengi wanashika simu zenye kamera, nao hupiga picha nyingi. Mwanafunzi anayesikia kwamba picha ni lenzi atahitimisha mambo mawili yenye madhara. Kwanza, ataamini kwamba bila fedha hawezi kuwa msanii, naye ataacha kutazama. Pili, hatapata lugha ya kueleza kwa nini picha fulani imemgusa na nyingine imempita. Taifa ambalo vijana wake wanaweza kutengeneza picha lakini hawawezi kuzihakiki litaonyeshwa picha na wengine, na litaziamini zote.

Kwa hiyo, ndugu mwalimu, njia ni nyepesi. Weka picha mbele ya darasa bila kutaja chombo kilichoipiga. Waulize wanafunzi: macho yako yalikwenda wapi kwanza, na ni kitu gani kiliyapeleka? Mwanga unatoka upande gani, nao unamtendea nini anayeonekana? Ni kitu gani kimeachwa nje au kimefifishwa, na kuachwa huko kunamfaidi nani? Wakishajibu, ndipo waulize: mpiga picha alihitaji lenzi ya namna gani ili kulipata hilo? Hapo tarakimu za 50 na 85, za 1.4 na 8, zitakuwa na maana, kwa sababu zitakuwa zinajibu swali la picha.

Vivyo hivyo kwa wapiga picha wa ridhaa katika mikutano yao. Hakuna anayewataka wauze lenzi zao wala waache kuzilinganisha. Tunachowaomba ni kwamba swali lao la kwanza liwe la pili, na kwamba kabla ya kuikagua pembe ya chini kushoto, wampe yule bibi kizee anayetwanga haki yake ya kutazamwa.