Paka Anayeng'ata na Kalenda ya Shule

Sakaki ni msichana mrefu na mkimya, na darasa zima humheshimu kwa woga kidogo. Wasichojua wenzake ni kwamba moyo wake uko kwa paka. Njiani anamwona mmoja wa kijivu juu ya ukuta. Katika kisanduku cha kwanza cha katuni anasimama. Katika cha pili ananyoosha mkono polepole. Katika cha tatu mkono umekaribia na hakuna neno. Katika cha nne paka kamng'ata.

Kichekesho hiki hurudi mara nyingi katika Azumanga Daioh, katuni ya Kiyohiko Azuma iliyotoka katika jarida la Kijapani la Dengeki Daioh kuanzia 1999 hadi 2002, kisha ikakusanywa katika vitabu vinne. Ni maisha ya wasichana wa sekondari na walimu wao: mitihani, michezo, safari, porojo za mapumziko. Wanaoipenda husifu upole wake, nami ni mmoja wao. Lakini upole huo haukudondoka tu kutoka kwenye kalamu ya mtu mwema. Umejengwa, na nguzo yake kubwa ni kalenda ya shule.

Tuanze na umbo. Visanduku vinne hupangwa kutoka juu kwenda chini. Cha kwanza hufungua jambo, cha pili huliendeleza, cha tatu huligeuza, cha nne hulifunga. Wajapani wamechora hivyo kwa miongo mingi. Azuma hupenda kukiacha kisanduku kimoja bila maneno, au kuchora picha ileile tena karibu bila badiliko. Ukisoma haraka unaweza kudhani ni uvivu. Kumbe ndipo msomaji anapovuta pumzi, na bila pumzi hiyo kicheko kingefika kabla ya wakati wake.

Anayefaidika zaidi na ukimya huo ni Osaka. Amehamia Tokyo kutoka mji wa jina hilo, unaosifika Japani kwa wachekeshaji na watu wa maneno mengi. Tomo, mwenye kelele kuliko wote, anambandika jina la mji wake akitarajia kupata mchangamfu mwenzake. Anayempata ni binti wa taratibu, aliyezama katika mawazo yake, ambaye huibuka na swali ambalo hakuna aliyelitegemea. Angalia mzigo wa utani umewekwa wapi: kwenye matarajio ya darasa, si kwenye upole wa msichana. Azuma hufanya hivyo karibu kila mara, na ndiyo maana tunacheka bila kumdharau mtu.

Sasa kalenda. Sazae-san ya Machiko Hasegawa, nayo ya visanduku vinne, ilichapishwa kuanzia 1946 hadi 1974 na familia yake haikuzeeka. Charlie Brown wa Charles Schulz alibaki mtoto kuanzia 1950 hadi 2000. Azuma alichagua njia ngumu zaidi: wasichana wake wanaanza shule mwezi wa Aprili, kama ilivyo desturi ya Japani, na baada ya miaka mitatu wanahitimu. Tamasha la shule hurudi, siku ya michezo hurudi, likizo ya kiangazi hurudi, na kila mara wahusika wamesogea kidogo. Chiyo, aliyerushwa madarasa akaingia sekondari akiwa na miaka 10, anaanza kama kituko na kumaliza kama rafiki ambaye hutaki aondoke.

Kwa sababu muda unapita, paka naye anaweza kulipa deni. Katika safari ya shule huko Okinawa, kwenye kisiwa cha Iriomote, Sakaki anakutana na mtoto wa paka mwitu wa kisiwa hicho, jamii adimu iliyobaki na wanyama takribani 100 tu. Huyu hamng'ati. Baadaye, paka wa kijivu na kundi lake wanapomzingira Sakaki, ni yuleyule mdogo wa Iriomote anayetokea kumtetea. Mtu akisimuliwa tukio hilo peke yake ataliona halina uzito. Aliyeuona mkono ule uking'atwa tangu mwanzo analipokea kwa machozi.

Mahali nisipokubaliana na Azuma ni kwa mwalimu Kimura, ambaye utani wake wote ni tamaa yake kwa wanafunzi. Kumpa mke mzuri na mwema hakuliponyi jambo hilo. Hapo kanuni ya mzigo imevunjwa, maana wanaobeba woga ni wasichana.

Walipohitimu, Azuma aliacha, ingawa katuni ilikuwa inapendwa na mwaka huohuo wa 2002 ilikuwa ikionyeshwa kwenye televisheni. Mwaka 2003, katika jarida lilelile, alianza Yotsuba&!, safari hii kwa kurasa nzima badala ya visanduku vinne. Picha zisizo na maneno alihama nazo.