Rekodi ni ya Nani? Uhakiki wa Istilahi Tatu za Michezo

Miongoni mwa maneno yaliyoingia katika Kiswahili kwa mlango wa michezo, neno "rekodi" hutumiwa sana na kuhojiwa kidogo. Mkimbiaji huvunja rekodi, mrukaji huweka rekodi, na msikilizaji wa redio huelewa mara moja kwamba kinachosemwa ni upeo uliofikiwa na mtu kwa juhudi zake mwenyewe. Lakini neno hilo hilo, likitumiwa kufasiri habari za michezo ya Marekani, hubeba maana nyingine kabisa, na mfasiri asiyetahadhari humpotosha msomaji bila ya kukusudia. Makala haya yanalihakiki neno hilo, pamoja na mawili yanayoandamana nalo, kwa kupitia ubishi mmoja mashuhuri wa mashabiki wa mpira wa Kimarekani: je, Peyton Manning alikuwa mchezaji mkubwa, au alikuwa mkubwa wa michezo ya kawaida tu, akapwaya katika ile ya kuwania ubingwa?

Yafaa kwanza tuueleze mchezo wenyewe, kwani si kandanda tuijuayo. Kila timu huwa na watu 11 uwanjani, lakini ina vikosi vinavyopokezana: kikosi cha mashambulizi, kikosi cha ulinzi na kikosi cha mateke. Mchezaji aitwaye kwotabeki ndiye aongozaye mashambulizi. Yeye hupokea mpira, kisha ama huurusha kwa mwenzake aliye mbele, ama humkabidhi aliye karibu akimbie nao. Wapinzani wakiwa na mpira, yeye huketi pembeni akitazama kama watazamaji wengine. Jambo hili msomaji asilisahau, maana ndilo kiini cha hoja yetu.

Istilahi ya kwanza ni hiyo ya "kwotabeki". Kuliswahilisha neno kwa matamshi ni njia halali, nasi tumeitumia kupata winga, fowadi na penalti. Tatizo ni kwamba Kiswahili tayari kina "beki", naye ni mlinzi. Msomaji atakayekutana na "kwotabeki" atadhani huyu ni mlinzi wa aina fulani, ilhali hana kazi yoyote ya ulinzi. Kumwita "nahodha" nako hakufai, kwa kuwa unahodha ni cheo ambacho mchezaji yeyote aweza kupewa. "Mwongoza mashambulizi" ni istilahi ndefu, lakini haidanganyi. Pendekezo letu ni kwamba mfasiri aitumie hii anapomtaja mchezaji huyo kwa mara ya kwanza, na baada ya hapo aweza kusema "kwotabeki" bila ya hatari.

Istilahi ya pili yahusu duru inayofuata baada ya msimu wa kawaida. Wako waandishi wanaoiita "mchujo" na wako wanaoiita "mtoano". Mchujo ni kuchekecha: wengi huingia, wachache hubaki, na aliyeteleza mara moja aweza bado kuponea. Katika ligi ya NFL mambo sivyo. Timu ikishindwa mchezo mmoja tu imetoka, basi. Kwa hiyo "mtoano" ndilo neno sahihi, na uteuzi huu si wa mapambo, bali unabadili namna ya kuzisoma tarakimu.

Hebu tuzitazame tarakimu zenyewe. Katika msimu wa kawaida timu zilizoanza mchezo na Manning zilishinda mara 186 na kushindwa mara 79. Katika mtoano zilishinda mara 14 na kushindwa mara 13. Wanaomlaumu hushika hizi za mwisho na kusema kwamba mtu wa 14 kwa 13 hastahili kuwekwa pamoja na Tom Brady, ambaye timu zake zilishinda mara 35 katika mtoano. Lakini timu za Brady nazo zilishindwa mara 13, sawasawa na za Manning. Mtoano hauwezi kumpa mtu zaidi ya kipigo kimoja kwa mwaka. Manning aliingia katika mtoano miaka 15, akatwaa ubingwa mara mbili, na hiyo miaka 13 iliyosalia ndiyo vipigo vyake 13. Brady aliingia miaka 20, akatwaa ubingwa mara saba, vikabaki 13 vile vile. Basi hesabu ya vipigo haipimi udhaifu peke yake. Hupima pia ni mara ngapi mtu alifika mlangoni. Asiyefika kabisa hana hata kipigo kimoja.

Sasa tuje kwenye istilahi ya tatu, ambayo ndiyo mama wa ubishi wote. Wamarekani huita hesabu hii "rekodi" ya kwotabeki, na huiandika kwa jina la yule aliyeanza mchezo. Tarehe 15 Januari 2006, Indianapolis Colts walikuwa nyuma ya Pittsburgh kwa 21 kwa 18. Sekunde chache kabla ya mwisho, Mike Vanderjagt alipiga teke la yadi 46 ambalo lingesawazisha, akakosa. Kipigo kiliandikwa kwa Manning, aliyekuwa nje ya uwanja. Kinyume chake, tarehe 27 Januari 2002 Brady aliumia katika robo ya pili ya mchezo dhidi ya Pittsburgh hiyo hiyo. Drew Bledsoe akaingia, akarusha pasi iliyozaa bao, na timu ikashinda 24 kwa 17. Ushindi ukaandikwa kwa Brady.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Manning mwenyewe. Katika msimu wa 2013 alirusha pasi 55 zilizozaa mabao na kufikisha yadi 5,477, na zote mbili zilikuwa rekodi za ligi kwa maana yetu ya Kiswahili. Mwezi Februari 2014, katika mchezo wa ubingwa uitwao Super Bowl, timu yake ya Denver ilipigwa 43 kwa 8. Katika msimu wa 2015, akiwa amechoka na mwenye majeraha, alirusha pasi 9 tu za mabao huku 17 zikinaswa na wapinzani, na kwa wiki kadhaa nafasi yake ilishikwa na mwingine. Mwezi Februari 2016 Denver ikatwaa ubingwa kwa 24 kwa 10, na tuzo ya mchezaji bora wa mchezo huo ikaenda kwa mlinzi, Von Miller. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini hesabu hii huandika kwamba kilivunja.

Isidhaniwe kwamba tunamtetea mtu. Wapinzani wa Manning wanazo hoja za haki. Mara tisa timu yake ilitolewa katika mchezo wake wa kwanza wa mtoano. Mwezi Februari 2010, katika mchezo wa ubingwa dhidi ya New Orleans, pasi yake ilinaswa na Tracy Porter, aliyeirudisha hadi bao. Mwezi Januari 2013 pasi yake nyingine ilinaswa katika muda wa nyongeza, na Baltimore ikapata teke la ushindi. Hayo ni makosa yake. Lakini yanaonekana kwa kuutazama mchezo na kusoma takwimu zake, wala hayaonekani katika "14 kwa 13".

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, "rekodi" ibaki na maana ya upeo uliowekwa au kuvunjwa. Pili, vitendo vya mchezaji mwenyewe viitwe "takwimu zake". Tatu, ushindi na vipigo viitwe "hesabu ya timu", na sentensi imtaje mwenyewe: tusiandike "Manning ana rekodi ya 14 kwa 13", tuandike "timu alizoziongoza zilishinda michezo 14 ya mtoano na kushindwa 13". Maneno yameongezeka kidogo, lakini uwongo umeondoka.

Huenda mtumishi wa serikali akauliza haya yamhusu nini. Na afungue taarifa yoyote ya mwaka. Huko nako hukuta kwamba mkuu wa shule "ana rekodi" ya ufaulu wa kiwango fulani, kana kwamba hakukuwa na walimu, wazazi wala wanafunzi, na mwaka ufaulu ukishuka, rekodi hiyo hiyo humfukuzisha kazi. Lugha inayoandika kazi ya wengi kwa jina la mmoja humpa sifa asiyoistahili leo, na kesho humtwisha lawama isiyo yake. Mfasiri na mwandishi wa taarifa hawana budi kuuliza kila mara: hesabu hii ni ya nani?